Nahama nyumba ya kupanga Bamburi: nirekebishe nini, niache nini?

Swali: Msomaji mmoja wa Bamburi, Mombasa, ameandika kwamba yeye na mumewe wameishi miaka minne katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya pili. Mume amehamishwa kikazi kwenda Nairobi, nao wanatarajia kuondoka mwishoni mwa mwezi ujao. Walipoingia waliweka dipoziti ya kodi ya mwezi mmoja, shilingi 32,000. Jirani yao aliyehama mwaka jana hakurudishiwa hata senti moja; aliambiwa tu kwamba rangi na usafi vimeimaliza dipoziti yake. Nyumba ya msomaji huyu ina mashimo ya misumari na skrubu sebuleni, michoro ya mtoto kwenye ukuta wa ujia, madoa meupe ya maji ya kisima bafuni, ukungu kwenye kona ya chumba cha watoto, na mlango wa kabati ya jikoni uliong'oka. Anauliza atengeneze yapi kabla ya kukabidhi nyumba, na kama si afadhali wasilipe kodi ya mwezi wa mwisho, dipoziti ikae mahali pake.

Jibu: Dada, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usinunue hata kopo moja la rangi kabla hujafanya mambo mawili: kuusoma upya mkataba mliotia saini, na kumwita wakala au mwenye nyumba aje aikague nyumba wakati nyinyi bado mnaishi ndani yake. Kazi yangu ni kusimamia nyumba za kupangisha hapa Mombasa, na wapangaji ninaowaona wakipoteza dipoziti ni wa aina mbili. Yuko anayeondoka bila kugusa chochote, akitumaini kwamba wema wa miaka yote utakumbukwa. Na yuko anayemaliza nusu ya fedha hizo kutengeneza vitu visivyomhusu, kisha akakatwa kwa vile vilivyomhusu ambavyo hakuviona. Wote wawili hukosa kitu kimoja, nacho ni orodha iliyokubaliwa na pande zote wakati ufunguo ungali mikononi mwao. Aliye na ufunguo ndiye anayemchagua fundi na kupatana naye bei. Akishaukabidhi, fundi huchaguliwa na mwenye nyumba, bei hutajwa na fundi huyo, na mpangaji hupelekewa hesabu tu.

Ili orodha hiyo iwe ya haki, ni lazima ujue lipi ni lako na lipi si lako. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, katika kifungu cha 66, inamtaka mpangaji airudishe nyumba katika hali ile aliyoipokea, lakini inamwondolea wajibu wa kutengeneza yaliyotokana na uchakavu wa kawaida, pamoja na yale yaliyosababishwa na moto, mafuriko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wake. Kifungu cha 65 nacho kinampa mwenye nyumba anayekodisha sehemu tu ya jengo, kama ilivyo kwa fleti yenu, jukumu la kulitunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mabomba makuu ya maji taka, na sehemu zinazotumiwa na wapangaji wote. Masharti haya huhesabiwa kuwamo katika mkataba hata kama hayakuandikwa. Mkataba wenyewe unaweza kuongeza mengine, na ndiyo sababu nasema uusome kwanza.

Kwa hali ya pwani yetu, uchakavu wa kawaida ni mwingi kuliko wanavyodhani mawakala wanaotumwa kutoka bara. Rangi iliyopauka kwenye ukuta unaopigwa na jua la asubuhi ni uchakavu. Grili za madirisha zilizoshika kutu ni uchakavu, kwani mtu aliyeishi Bamburi hahitaji kuelezwa jinsi upepo wa chumvi unavyokula chuma hata kilichopakwa rangi vizuri. Bawaba zinazolia, mfereji unaodondosha maji kwa sababu mpira wake umechoka, kigae kilichopoteza mng'aro mbele ya jiko kwa kukanyagwa kila siku, vyote hivyo si vyako, na mtu akikuletea bili ya kupaka grili rangi una haki ya kuikataa kwa adabu. Mashimo mliyotoboa nyinyi ni yenu, michoro ya mtoto ni yenu, na uchafu wa aina yoyote ni wenu hata kama umejengeka taratibu kwa miaka, kwa kuwa uchafu hauhesabiwi kuwa uchakavu.

Katika mkataba tafuta mambo matatu: notisi, rangi, na muda wa kurudisha dipoziti. Mikataba mingi hutaka notisi ya mwezi mmoja wa kalenda, na neno hilo la kalenda huwaponza watu: notisi iliyopelekwa tarehe 6 huanza kuhesabiwa mwezi unaofuata, na mpangaji hujikuta anadaiwa kodi ya mwezi ambao hatalala humo. Kwa kuwa mnataka kuondoka mwishoni mwa mwezi ujao, barua yenu inapaswa kufika kabla mwezi huu haujakwisha. Ikiwa mkataba wenu uliisha zamani na mmekuwa mkilipa mwezi kwa mwezi bila karatasi mpya, kifungu cha 57 cha Sheria hiyo ya Ardhi kinasema notisi isipungue kipindi kimoja cha kodi, nayo iishie siku ambayo kodi hulipwa. Andikeni barua halisi, itiwe tarehe, apewe wakala nakala moja na aweke saini ya kuipokea kwenye nakala yenu. Kumwambia msimamizi wa jengo ngazini kwamba mnahama si notisi, hata kama yeye ndiye huwa anakusanya kodi.

Kuhusu rangi, mikataba mingi ina sharti kwamba mpangaji ataipaka nyumba rangi upya ndani anapoondoka, mara nyingi mikono miwili ya rangi nzuri. Sharti hilo likiwamo, na mliweka saini, hoja ya uchakavu haitawasaidia sana kwa upande wa kuta. Swali linalobaki ni nani atapaka na kwa bei gani. Ombeni kupaka wenyewe kwa fundi wenu. Mwenye nyumba akisisitiza kutumia fundi wake, mwombeni makadirio ya maandishi kabla hamjaondoka, mkayalinganishe na ya fundi mwingine wa hapo hapo mtaani. Sharti lisipokuwamo, hawezi kuwatoza gharama ya kuipaka nyumba nzima kwa sababu ya michoro ya ukuta mmoja. Isitoshe, rangi ya miaka minne ingekuwa imekaribia kupakwa upya hata kama angeishi humo mtu asiye na mtoto wala msumari.

Sasa nikujibu lile la kodi ya mwezi wa mwisho. Usifanye hivyo kwa siri, na usifanye hivyo kwa kuwa jirani alidhulumiwa. Mikataba karibu yote husema wazi kwamba dipoziti si kodi, na mnapokosa kulipa mnakuwa wadaiwa wa kodi kama wadaiwa wengine: Sheria ya Kukamatia Mali kwa Ajili ya Kodi, Sura ya 293, inamruhusu mwenye nyumba kumtuma dalali wa mnada mwenye leseni aje azuie vyombo vyenu, na wakati mbaya zaidi wa hilo kutokea ni wiki ile vyombo vimefungwa katoni na lori limekwisha kulipiwa malipo ya awali. Zaidi ya hapo, majengo mengi siku hizi hayamruhusu mpangaji kutoa vyombo getini bila barua ya wakala, na wakala anayedai kodi haandiki barua. Hata hivyo, mwenye nyumba akikubali mwenyewe, na akaandika, kwamba dipoziti ihesabiwe kuwa kodi ya mwezi wa mwisho na kwamba hakuna madai mengine, msikatae. Nimeona wakikubali hasa wanapokuwa na mpangaji mpya anayengoja, kwani huyo ataleta dipoziti yake.

Ukaguzi wa mapema ndio moyo wa jambo hili. Mwombe wakala aje wiki tatu hivi kabla ya kuhama, mchana, taa zote zikiwa zinawaka. Mzunguke chumba kwa chumba, wewe ukiwa na karatasi, yeye akitaja anachotaka kitengenezwe. Usibishane naye papo hapo. Andika kila analosema, na kando yake andika maoni yako. Mkimaliza, mwombe aweke saini. Akisitasita, na wengi husitasita, mwandikie ujumbe jioni hiyo hiyo wenye maneno kama haya: "Asante kwa kuja leo. Tumekubaliana kwamba nitaziba mashimo na kuupaka rangi ukuta wa sebule na wa ujia, nitarudisha mlango wa kabati, na nitasafisha bafu. Kona yenye ukungu umesema utamleta fundi wa mabomba aiangalie. Kama kuna nililosahau, tafadhali niambie kabla ya Jumamosi." Ujumbe wa namna hiyo usipopingwa huwa na uzito mkubwa kuliko ahadi tano za mdomoni.

Kabla hajaja, tafuteni picha za siku mlizoingia. Kama hamkupiga picha za nyumba yenyewe, pekueni za familia: ya mtoto akikata keki, ya wageni wa Idi au Krismasi waliokaa sebuleni mwaka ule wa kwanza. Nyuma yao kuna ukuta, na huo ukuta ndio tunaoutaka. Nimewahi kuona mabishano juu ya kigae kilichopasuka yakiisha kwa picha ya mtoto anayejifunza kutambaa, kwa sababu ufa ulionekana waziwazi kando ya mkono wake.

Tukija kwenye kuta zenyewe, anzeni na mashimo. Ondoeni skrubu zote, za pazia, za televisheni na za saa, isipokuwa mwenye nyumba amesema kwa maandishi kwamba reli za pazia zibaki. Kile kijiti cha plastiki kinachoshika skrubu ndani ya ukuta kisivutwe kwa nguvu, kwa kuwa katika kuta zetu za matofali ya matumbawe plasta hutoka nacho na tundu la ukubwa wa njegere likawa la ukubwa wa ngumi. Irudishe skrubu ndani yake mizunguko miwili mitatu tu, ishike kwa koleo, uivute taratibu ikiwa imenyooka. Kikigoma, kizamishe ndani kwa nyundo ndogo mpaka kipite uso wa plasta, kisha uzibe juu yake. Ziba kwa fila ya ukuta inayouzwa madukani, wala usizibe kwa dawa ya meno, ujanja ambao wapangaji hupeana kama siri: ikikauka hunywea na kupasuka, hubadilika rangi, na wakala mzoefu huitambua kwa kidole. Fila nayo hunywea kidogo, kwa hiyo mkono wa kwanza uache ukauke, upake wa pili, kisha piga msasa laini mpaka kiganja kisihisi mpaka kati ya ukuta wa zamani na kiraka.

Tatizo la viraka ni kwamba ukipaka rangi mahali pa kiraka peke yake, hata ukiwa na rangi ya jina lile lile, kitaonekana kutoka mlangoni, kwa kuwa rangi ya zamani imepauka na mpya haijapauka. Dawa yake ni kuupaka ukuta huo mzima kutoka kona hadi kona na kuziacha kuta nyingine kama zilivyo. Jicho la mtu husamehe tofauti ndogo inayokutana konani, lakini halisamehe doa katikati ya ukuta. Ili kuipata rangi yenyewe, muulizeni kwanza msimamizi wa jengo kama alibaki na kopo, maana mara nyingi nyumba zote za jengo hupakwa rangi moja. Asipokuwa nalo, bandueni kwa kisu kipande cha rangi cha ukubwa wa kidole gumba kutoka mahali pasipoonekana, kama nyuma ya mlango, mkipeleke kwenye duka linalochanganya rangi kwa mashine. Angalieni pia kama ni rangi ya maji au ya mafuta. Kuta za jikoni na ujia hupakwa mara nyingi rangi ya mafuta, na rangi ya maji ikipakwa juu yake bila kupigwa msasa kwanza hubanduka kama ngozi iliyoungua jua.

Michoro ya mtoto jaribuni kuiosha kwanza. Penseli za nta na penseli za kawaida hutoka kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni na sponji laini, hasa kama ukuta una rangi ya mafuta. Wino wa kalamu na wa makapeni mazito ni mkaidi: ukipaka rangi ya maji juu yake hupenya na kujitokeza upya kesho yake, hata baada ya mikono mitatu. Hapo fundi apake kwanza rangi ya chini ya mafuta juu ya michoro, iachwe ikauke kabisa, ndipo apake ile ya kawaida. Mwambie fundi wazi kwamba chini yake kuna wino, la sivyo atapaka anavyojua, achukue fedha zake, na madoa yatokeze siku mnayokabidhi ufunguo.

Bafuni, madoa meupe ni madini ya maji ya kisima yaliyoganda, hasa chokaa, nayo huyeyuka kwa asidi nyepesi ya siki nyeupe au ndimu. Loweka kitambaa kwenye siki, kizungushie mfereji kama bandeji, uache kwa nusu saa hivi, usugue kwa kitambaa laini na kusuuza kwa maji mengi. Kichwa cha shawa kifungue ukiloweke ndani ya bakuli la siki. Msifanye hivyo kwenye sakafu ya teraso au kwenye marumaru, kwa kuwa mawe hayo yenyewe yana chokaa na siki itakula mng'aro wake. Hapo tumieni sabuni ya maji na brashi tu. Nawaomba pia mjihadhari na ile asidi kali inayouzwa kwa ajili ya kusafishia vyoo, ambayo wafanyakazi wa usafi huipenda kwa sababu hung'arisha bila kutoa jasho. Hula saruji iliyo kati ya vigae, huondoa mng'aro wa mifereji, na huiharibu teraso moja kwa moja, na madhara hayo yatakuwa yenu. Jiki nayo isichanganywe kamwe na siki, ndimu au asidi yoyote, hata kwa kupishana ndani ya ndoo moja, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini yenye sumu, na bafu zetu nyingi zina kidirisha kidogo tu.

Ukungu unahitaji upelelezi kabla ya kitambaa. Angalieni kilichopo nyuma na juu ya ile kona: je, ni ukuta wa nje wenye bomba la maji ya mvua, au juu yake kuna bafu la jirani wa ghorofa ya tatu? Je, doa hupanuka nyakati za masika, Aprili na Mei, na kukauka baadaye, au lipo mwaka mzima? Rangi imevimba na kutoa unga, au kuna vidoadoa vyeusi tu juu ya rangi nzima? Rangi iliyovimba na plasta inayomung'unyuka ni dalili ya maji yanayotoka ndani ya ukuta, nayo ni kazi ya mwenye nyumba; pigeni picha, mwandikieni leo, na msipake rangi juu yake, kwa kuwa mtaficha ushahidi wenu wenyewe na doa litarudi. Vidoadoa vyeusi nyuma ya kabati la nguo lililobanwa ukutani kwa miaka ni jambo la hewa kutopita, na hilo nafikiri ni halali kuliita lenu. Sogezeni kabati, fungueni madirisha, futeni kwa maji yenye jiki kidogo mkiwa mmevaa glavu, acheni pakauke siku kadhaa, ndipo mwamue kama panahitaji rangi.

Mlango wa kabati ya jikoni nao utazame kwa karibu mahali skrubu za bawaba zilipong'oka. Ikiwa mbao ni kavu na ngumu na tundu limepanuka tu, fundi atalijaza kijiti cha mbao na gundi, airudishe skrubu ile ile, na kazi imekwisha asubuhi moja. Ikiwa ni mbao za unga ulioshikanishwa kwa gundi, nazo zimevimba na kumeguka, tafuta unyevu ulitoka wapi. Mara nyingi ni bomba la chini ya sinki linalovuja polepole. Kama mliripoti uvujaji huo wakati ule, tafuta ujumbe wenyewe kwenye simu, na kabati ni la mwenye nyumba. Kama hamkusema neno kwa mwaka mzima, mtapata shida kumshawishi mtu kwamba si lenu.

Bili hazina mengi. Ikiwa mita ya umeme ni ya tokeni, nunueni kidogo kidogo wiki za mwisho, kwani yuniti zinazobaki haziwezi kuhamishiwa Nairobi. Ikiwa ni ya kulipa baadaye, pamoja na mita ya maji, pigeni picha ya namba siku ya kuondoka, mpatane na wakala namna bili ya mwisho itakavyolipwa. Kifaa cha intaneti mara nyingi ni mali ya kampuni. Waarifuni mapema wakihamishe au wakichukue. Dishi la roshani likiondolewa liacheni shimo limezibwa, kwa sababu maji ya mvua yakiingia hapo mtalaumiwa miezi mitatu baadaye. Mkiwa na wasiwasi wowote wa kunguni, mwiteni mpuliziaji dawa kabla ya kufunga mizigo, la sivyo mtawalipia nauli ya kilomita zaidi ya 480.

Panga siku ya kuhama na siku ya kukabidhi ziwe mbili tofauti. Nyumba haisafishwi vizuri vyombo vikiwamo, na wachukuzi huacha nyayo, vipande vya gundi ya karatasi na mikwaruzo. Lori lipakiwe siku ya kwanza. Ndoo, ufagio, vitambaa, balbu za akiba na kopo la rangi lililobaki vikae kando visipande garini. Siku ya pili mmoja wenu abaki, asafishe na kukabidhi. Ngazi ndizo zinazosahaulika. Sofa inayoshushwa kutoka ghorofa ya pili hukwaruza kona za ukuta wa ngazi, na kwa kuwa ngazi ni za wote, mwisho wake mikwaruzo yote ya jengo huhesabiwa kuwa ya aliyehama karibuni. Zipigeni picha ngazi asubuhi kabla wachukuzi hawajafika, na mwombeni kiongozi wao afunge kona za sofa na friji kwa mablanketi. Barua ya getini iombeni siku mbili tatu kabla. Msingoje Jumapili, wakala hapatikani na lori linahesabu saa.

Wakati wa kukabidhi, tembeeni tena na ile orodha ya ukaguzi wa kwanza, si orodha mpya. Pigeni video moja isiyokatika inayoanzia mlangoni, mkifungua mifereji, mkivuta choo, mkiwasha kila taa, na kufungua kila kabati. Hesabuni funguo mbele yake, za mlango mkuu, za vyumba, za grili na za geti, mkaandike idadi kwenye karatasi ya makabidhiano pamoja na namba za mita, jumla ya dipoziti, na tarehe atakayoirudisha. Kama mkataba haukutaja muda, pendekezeni tarehe nyinyi wenyewe, kisha iandikwe pamoja na namba ya simu au akaunti ambako fedha zitatumwa.

Ikitokea mwenye nyumba akakata fedha, mwombeni mchanganuo: kazi gani, kiasi gani, risiti ya fundi yupi. Mwenye nyumba mkweli hana shida na swali hilo. Akinyamaza au akitoa hesabu isiyolingana na orodha mliyokubaliana, mpelekeeni barua ya madai yenye kumpa siku kumi na nne, mkitaja kiasi na sababu bila matusi. Baraza la kodi za nyumba chini ya Sura ya 296 halitawafaa, kwa kuwa linahusu nyumba za makazi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mlango wenu ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni moja na inayotakiwa kuyaamua ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Hamlazimiki kuwa na wakili, na madai mnaweza kuyafungua Mombasa, nyumba iliko, hata mkiwa mmeshahamia Nairobi, kwa kuwa majalada hufunguliwa mtandaoni. Mtakachohitaji ni mkataba, barua ya notisi yenye saini, orodha ya ukaguzi au ule ujumbe wa simu, video, risiti za fundi wenu, na uthibitisho wa kulipa dipoziti. Hili la mwisho lishughulikieni sasa: ikiwa mlilipa kwa M-Pesa na ujumbe wa miaka minne iliyopita haupo tena kwenye simu, ombeni taarifa ya miamala ya mwezi ule mapema, kabla hamjaanza kufunga katoni.